Darasa la mashuti ya hoki ya barafuni mjini Unguja: tathmini ya mwalimu wa magongo

Kwa muda sasa limekuwepo hapa mjini Unguja darasa la mwishoni mwa wiki linalofundisha jambo moja tu, nalo ni namna ya kupiga shuti katika hoki ya barafuni. Barafu yenyewe haipo. Darasa linafanyika kwenye uwanja wa saruji wa mpira wa pete wa skuli moja, na anayeliendesha ni mtu aliyezaliwa na kukulia mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, akaishi Kanada kwa miaka mingi na kufundisha watoto wa huko, kisha akarejea nyumbani. Mimi ni mwalimu wa michezo na kazi yangu kubwa imekuwa kufundisha mpira wa magongo maskulini. Nimelifuatilia darasa hili kwa karibu kwa kuwa baadhi ya wachezaji wangu wamejiunga nalo, pamoja na binti ya dada yangu, na wazazi wengi wamekuwa wakiniuliza kama fedha wanazotoa zinakwenda mahali pake. Kwa anayetaka mtoto wake ajue kupiga kwa usahihi, jibu langu ni kwamba zinakwenda. Hata hivyo yapo mapungufu ambayo mzazi anastahili kuyajua kabla ya kulipa, na nitayaeleza bila ya kuyapunguza.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni kwa nini kijana wa Zanzibar ajifunze shuti la mchezo wa barafu. Wanaouliza hivyo hawajatazama jirani. Nairobi, katika hoteli ya Panari iliyoko Barabara ya Mombasa, kiwanja cha barafu kipo tangu mwaka 2005, na hapo ndipo ilipokulia timu ya Ice Lions ambayo mwaka 2018 ilialikwa Kanada na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Kwa hiyo mchezo huu tayari umefika Afrika Mashariki, na kijana wa Unguja au Pemba mwenye mkono mzuri hana sababu ya kujiona yuko mbali nao. Kwa upande mwingine, sisi wenyewe si wageni wa gongo. Magongo yamechezwa visiwani humu tangu zama za wazee wetu, na Tanzania ilipeleka timu ya mchezo huo katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Anachokifanya mwalimu huyu ni kuchukua mikono iliyokwisha zoea gongo na kuifundisha kazi nyengine.

Kinacholitofautisha darasa hili na mafunzo mengi ya michezo niliyoyaona ni kwamba somo lake la kwanza linahusu miguu. Mwanafunzi hukabidhiwa gongo, lakini hapewi kitu cha kupiga. Huambiwa asimame mguu mmoja ukiwa mbele ya mwengine, akunje magoti, auweke uzito wote kwenye mguu wa nyuma, halafu auhamishe polepole hadi mguu wa mbele huku nyonga na kiwiliwili vikigeuka kuelekea golini. Zoezi hili hurejewa mpaka vijana huanza kunong'ona, kwa sababu wamekuja kupiga na hawajapiga. Siku moja kijana mmoja wa timu yangu alishindwa kuvumilia akasema, "Maalim, mimi mikono yangu ina nguvu, nijaribu mara moja tu." Mwalimu alimpa nafasi, akamwacha apige kwa nguvu zake zote akiwa amesimama wima, kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo ni nguvu ya mkono peke yake, na mkono ni kiungo kidogo. Kaa kwenye mguu wa nyuma, halafu uniletee mwili mzima." Kijana aliinama, akauhamisha uzito kama alivyoelekezwa, na tofauti ilionekana kwa macho ya kila aliyekuwepo.

Ninakubaliana naye kabisa. Vijana wanapotazama hoki katika simu huona kifundo cha mkono kikigeuka na kisahani, kile kitu bapa cha duara kinachopigwa badala ya mpira, kikiruka, basi huamini kwamba siri iko kwenye kifundo. Kifundo hufanya kazi ya mwisho, tena ndogo. Kazi kubwa hufanywa na miguu, nyonga na mgongo. Mwalimu ambaye angeanza na kifundo angepata wanafunzi wenye furaha siku ya kwanza na wenye mashuti dhaifu mwaka mzima.

Baada ya miguu ndipo linapokuja shuti la kifundo lenyewe, ambalo ndilo msingi wa mashuti yote na ndilo linalochukua sehemu kubwa ya darasa. Nitalieleza kama linavyofundishwa hapa, kwa mchezaji anayepiga kwa kulia, yaani mkono wa kushoto juu ya mpini na wa kulia chini. Kisahani huanzia nyuma, usawa wa mguu wa kulia, kikiwa karibu na kisigino cha bapa la gongo, yaani sehemu ya bapa iliyo jirani na mpini. Mikono yote miwili hukaa mbali na mwili, kwa sababu mkono wa juu unapogandana na mbavu gongo hukosa nafasi ya kupita. Mchezaji hukikokota kisahani mbele bila ya kukiachia, uzito ukihama pamoja nacho, huku mkono wa chini ukiusukuma mpini kwenda mbele na chini, na mkono wa juu ukiuvuta kuja nyuma. Katika kukokotwa huko kisahani huviringika kutoka kisigino cha bapa hadi ncha yake, na kuviringika huko ndiko kunakokipa mzunguko. Kisahani kinachozunguka kikiwa kimelala hukata hewa vizuri na hushika njia yake, ilhali kile kinachotoka bila ya mzunguko huyumba na kupoteza mwendo. Mwisho wake, bapa la gongo lielekee pale mpigaji anapotaka kisahani kiende: likiishia chini shuti huwa la chini, na likiinuliwa kisahani nacho huinuka.

Kila hatua kati ya hizo ina zoezi lake. Zoezi lililonivutia zaidi ni lile la kupiga ukiwa umepiga goti moja chini. Mtu aliyepiga goti hawezi kuitegemea miguu, basi hulazimika kugeuza kiwiliwili na kuukandamiza mpini, na hapo ndipo mwanafunzi anapohisi kwa mara ya kwanza gongo likipinda mikononi mwake.

Kupinda huko ndiyo roho ya hoki ya barafuni, na hakuna mahali ambapo mwalimu huyu anaeleza vizuri zaidi kuliko hapo. Gongo la kisasa la nyuzi za kaboni limetengenezwa ili lipinde. Mpigaji anapoukandamiza mpini kwa mkono wa chini, bapa likiwa limezuiwa na uso wa barafu, mpini hujikunja na kuhifadhi nguvu, na mara tu unapoachiwa hujinyoosha ghafla na kumpa kisahani mwendo ambao mkono peke yake usingeweza kuutoa. Kwa watoto wa pwani alitumia mfano wa upondo: unapousimika chini na kuuegemea kwa mwili wote, hujikunja kidogo, kisha unapojinyoosha chombo huondoka. Sikuhitaji kuwatazama mara mbili kujua kwamba wameelewa, kwa sababu watoto wa Malindi na Mtoni wamekwisha shika upondo kabla ya kushika gongo lolote.

Kila gongo lina namba inayoonesha ugumu wake. Namba 85 maana yake ni kwamba zinahitajika ratili 85 za nguvu, takriban kilo 38 na nusu, kuukunja mpini kwa inchi moja. Wachezaji wengi huanzia kwenye kanuni ya kukisia kwamba namba hiyo ikaribie nusu ya uzito wa mwili ukihesabiwa kwa ratili. Kwa hiyo mtoto wa kilo 40, ambaye ana ratili kama 88, anahitaji gongo la namba ya arubaini na kitu. Ni hapa ndipo darasa linapojikwaa. Magongo mengi yaliyopo yaliletwa kutoka Kanada yakiwa yamekwisha tumika, na ni ya watu wazima, namba 75 hadi 100. Mtoto mwembamba wa darasa la sita akilikandamiza gongo kama hilo halipindi hata kidogo, na mafunzo yote mazuri niliyoyaeleza juu hugeuka maneno matupu mikononi mwake. Magongo laini ya watoto ni machache, hupokezanwa, na anayesubiri zamu yake husimama muda mrefu kuliko anavyopiga. Mwalimu analijua jambo hili na amelisema wazi mbele ya wazazi, lakini kulijua hakumpi mtoto gongo. Ningependa idadi ya watoto katika kila kipindi ipunguzwe hadi magongo laini yaongezeke.

Wazazi wanaonunua gongo wenyewe wasifanye kama alivyofanya mzazi mmoja aliyenunua gongo refu la mtu mzima na kulipeleka kwa seremala alipunguze. Gongo lililokatwa huwa gumu zaidi, kwa kuwa mpini mfupi haukunjiki kwa urahisi kama mrefu. Mtoto yule alirudi na gongo la urefu unaomfaa na ugumu usiomfaa kabisa. Ni bora kuuliza kwanza, na kwa haki ya mwalimu niseme kwamba hujibu kila anayemuuliza, hata asiyekuwa na mtoto darasani.

Kwa wachezaji wangu wa magongo, darasa limekuwa na faida ambayo sikuitarajia kwa kiasi hicho, pamoja na ugumu wake. Vitu viwili hivi, mpira wa magongo na kisahani cha hoki ya barafuni, vinakaribiana mno kwa uzito: mpira una gramu 156 hadi 163, na kisahani, ambacho ni cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.62 na unene wa sentimita 2.54, kina gramu 156 hadi 170. Mkono wa mchezaji wa magongo kwa hiyo haushangazwi na uzito. Tena, anayejua kukokota na kurusha katika kona ya adhabu amekwisha jifunza nusu ya shuti la kifundo, kwani huko nako mpira hukokotwa kutoka nyuma ya mguu na mwili mzima hugeuka kabla ya kuachia. Mlinzi wetu mmoja anayepiga kona alilipata shuti la kifundo mapema kuliko wenzake wote, na sikuona ajabu.

Ugumu wao uko kwenye mazoea. Katika magongo upande mmoja tu wa gongo ndio unaoruhusiwa kugusa mpira, na magongo ya mkono wa kushoto hayaruhusiwi, hivyo kila mchezaji wetu huweka mkono wa kushoto juu awe anaandika kwa mkono gani. Katika hoki ya barafuni pande zote mbili za bapa hutumika, na mchezaji huchagua upande anaopigia. Huko Kanada wengi hupigia kushoto, hata wale wanaoandika kwa kulia. Mwalimu humwacha kila mwanafunzi mpya ajaribu pande zote kabla ya kuamua, na wawili kati ya wachezaji wangu wamegundua kwamba upande wa kushoto unawafaa zaidi. Nilikuwa na wasiwasi kwamba watarudi kwangu wamevurugika. Hawakuvurugika. Shuti la nyuma ya bapa, hata hivyo, limewashinda wengi wao, kwa sababu bapa la gongo la barafuni limepinda. Upindo huo ulienea kuanzia miaka ya 1960 kwa wachezaji kama Stan Mikita na Bobby Hull wa Chicago, nao husaidia sana upande wa mbele na husumbua upande wa nyuma. Darasa hulipa shuti hili muda mdogo mno. Mwalimu anasema ni la baadaye, nami naona lingeanza mapema, kwa kuwa ndilo shuti ambalo mlinda mlango hulitarajia kidogo kuliko yote.

Vifaa vya uwanjani vimetafutwa kwa juhudi inayostahili kusifiwa. Goli limetengenezwa na fundi wa kuchomelea kwa mabomba ya chuma, likiwa na vipimo halisi vya mita 1.83 kwa upana na mita 1.22 kwa urefu. Mchezaji wa magongo aliyezoea goli la mita 3.66 kwa 2.14 hushtuka anaposimama mbele yake, maana upana wake ni nusu kamili ya lile analolijua, na uwazi unaobaki golikipa akiwa amesimama katikati ni mdogo sana. Nyuma ya goli umetundikwa wavu wa kuvulia, uliokunjwa mara mbili kwa sababu wavu mmoja ulitobolewa mapema. Kwa kuwa saruji hukisugua kisahani na kukizuia, wanafunzi hupigia juu ya vipande vya plastiki ngumu na laini vilivyolazwa chini, ambavyo hupanguswa kwa maji ya sabuni kila baada ya muda ili viteleze. Si barafu, lakini bapa hupita bila ya kukwama, na gongo halilambwi na saruji.

Jambo moja katika matayarisho haya limenifurahisha kwa namna ya pekee. Visahani huletwa uwanjani ndani ya deli la barafu. Katika mechi za kweli visahani hugandishwa kabla ya kutumika, kwa sababu mpira ulio baridi hauruki-ruki, na kisahani kilichopata joto hudunda na kukataa kulala. Wakati wa kaskazi, jua likiwa limeipiga saruji tangu asubuhi, kisahani kilichoachwa nje hudunda juu ya plastiki na mwanafunzi hudhani kosa ni lake. Mwalimu hutoa visahani vichache vichache kutoka kwenye deli na kuvirejesha vinapopoteza ubaridi wake. Mtu angeweza kuliacha jambo hili na hakuna mzazi ambaye angelijua. Kulifanya kila kipindi kunaonesha kwamba anawaheshimu anaowafundisha.

Sehemu ya kulenga hufundishwa vizuri pia. Golini hutundikwa vitambaa vya rangi kwenye pembe nne, na kimoja chini katikati, pale ambapo miguu ya golikipa hutengana. Mwanafunzi huanza kukokota, na ni wakati huo tu mwalimu anapotaja rangi. Hii humlazimisha kunyanyua macho, kwa sababu anayekitazama kisahani muda wote hawezi kuuona upenyo unapofunguka. Wanapoizoea hatua hiyo, huongezewa kazi ya kukivuta kisahani kuelekea miguuni mwao sekunde ndogo kabla ya kupiga, ili pembe ya shuti ibadilike na golikipa abaki amejipanga kwa pembe ya mwanzo. Hapo ndipo huoneshwa video za Auston Matthews, ambaye amelifanya tendo hilo kuwa alama yake na aliyefunga mabao 69 katika msimu wa NHL wa 2023–24. Kuna jambo jengine linalowagusa vijana wetu katika habari zake: amelelewa Scottsdale, katika jimbo la Arizona, ambalo ni jangwa. Nimeona nyuso zikibadilika walipoambiwa hivyo.

Kuhusu shuti la kubamiza, lile ambalo mchezaji huinua gongo juu na kulishusha kwa kishindo, mwalimu ana msimamo ambao umewaudhi baadhi ya vijana na ambao mimi ninauunga mkono. Halifundishi kwa anayeanza. Vijana wote wameiona rekodi ya Zdeno Chara, aliyepiga shuti la maili 108.8 kwa saa, sawa na kilomita 175.1, katika mashindano ya ustadi ya mwaka 2012, na wanataka kuanzia hapo. Lakini katika shuti hilo bapa halianzi kwa kukigusa kisahani. Hupiga barafu kidogo nyuma yake, mpini hukunjika kwa kishindo hicho, na nguvu iliyohifadhiwa ndiyo inayokirusha kisahani. Kulifanya hivyo juu ya kipande cha plastiki kilicholala kwenye saruji, kwa mtu asiyejua bado kuhamisha uzito, ni kulivunja gongo au kuumiza mkono. Wanafunzi waliokomaa huruhusiwa kuinua gongo hadi usawa wa kiuno tu. Anapotaka kuwafundisha kupiga pasi moja kwa moja bila ya kuituliza, huwaonesha Alex Ovechkin akiwa amesimama upande wa kushoto wa kiwanja, mahali alipofungia mabao mengi mno, yeye ambaye tarehe 6 Aprili 2025 alifunga bao lake la 895 katika NHL na kuipita rekodi ya Wayne Gretzky ya 894. Anachowaomba watazame ni miguu ya Ovechkin kabla ya pasi kufika. Imekwisha kupangwa.

Namna ya kusahihisha ni sehemu ambayo mimi, kama mwalimu, nimejifunza kitu. Kila mwanafunzi hupigwa video kwa simu, kisha video huchezeshwa polepole naye huulizwa mwenyewe anachokiona. Hasahihishwi zaidi ya jambo moja kwa kipindi. Binti ya dada yangu alikuwa akipiga visahani vilivyosimama kwa ukingo na kuviringika chini kama sarafu zilizoanguka, na mtazamaji angeweza kumwambia mambo mengi: kichwa kimeinama, mguu wa nyuma umebaki, mkono wa juu umebana. Mwalimu alimwachia yote akamwonesha moja tu, kwamba mikono yake imekaribiana mno kwenye mpini, hivyo mkono wa chini hauna uwezo wa kuukandamiza. "Ushushe kidogo, mama," alimwambia, "kisha usibadilishe kitu chengine leo." Wiki zilizofuata kisahani kilianza kulala, na makosa mengine mawili yaliondoka yenyewe kwa kuwa yalitokana na hilo la kwanza. Hakuna kifaa cha kupimia mwendo wa shuti darasani, na wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu. Mimi sioni hivyo. Mtoto anayepimwa mwendo kila siku huacha kulenga na kuanza kupiga kwa hasira.

Sasa niseme ya upande wa pili. Upungufu mkubwa kuliko wote ni kwamba mafunzo haya, kwa sehemu kubwa, ni ya mtu aliyesimama. Mchezaji wa hoki ya barafuni hupiga akiwa anateleza, na katika barafu mguu haushikiliwi na ardhi kama unavyoshikiliwa na saruji chini ya raba. Hujisukuma kwa ukingo wa ndani wa kisu cha kiatu. Mwalimu hujaribu kulitayarisha jambo hilo kwa kuwataka wanafunzi wamalize kila shuti wakiwa wamesimama kwa mguu wa mbele peke yake, zoezi zuri linalojenga mizani. Viatu vya magurudumu vipo pia, lakini ni jozi chache na karibu zote ni za miguu mikubwa. Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kumaliza miezi kadhaa akiwa na shuti safi la kusimama, na siku atakayopata nafasi ya kwenda Nairobi akajikuta anaanza upya kwa miguu. Mzazi alipie darasa hili akijua kwamba analipia mkono na kiwiliwili, na kwamba miguu ya barafuni itatafutwa kwengine.

Golikipa hayupo. Vitambaa havisogei, havijitanui wala havimsomi mpigaji, na kijana anayezilenga pembe nne zote kwa ustadi bado hajakutana na mtu anayeziba. Ninaelewa kwamba mavazi ya golikipa ni ghali mno, lakini hata ubao wenye umbo la golikipa, unaovutwa kwa kamba kulia na kushoto, ungeongeza kitu kikubwa kwa gharama ya fundi wa siku moja.

La usalama sitalipitia kwa wepesi. Kisahani cha gramu 170 kikimpata mtoto usoni ni jambo zito, na kofia ngumu zenye kinga ya uso hazitoshi kwa wote. Wanaopiga huvaa, wanaosubiri zamu, ambao wakati mwengine husogea karibu kwa hamu, hawavai. Ungewekwa mstari wa wanaosubiri, mbali na pembeni, na mtu wa kuusimamia. Nimemweleza mwalimu maoni haya ana kwa ana na ameyapokea vizuri, ila hadi ninapoandika mstari huo haujachorwa.

Wasichana wana kipindi chao, wakiongozwa na mwalimu msaidizi wa kike aliyewahi kucheza mpira wa pete, na wazazi wengi wameridhika na utaratibu huo. Mavazi hayajawa kikwazo. Kofia huvaliwa juu ya mtandio mwepesi uliobanwa vizuri. Ninachokilalamikia ni muda. Kipindi chao huwekwa mwisho, na kinapokaribia Magharibi hukatizwa kabla ya kumalizika, ilhali wao ndio wenye nidhamu ya mazoezi kuliko wavulana. Vipindi vingepokezana, wiki moja hawa watangulie na wiki nyengine wale.

Ada ni shilingi 5,000 kwa kipindi, na ndugu wawili wa nyumba moja hulipa 7,500. Kwa mafundisho ya kiwango hiki ninaiona kuwa ya haki, hasa kwa kuwa gongo, visahani na kofia hutolewa hapo hapo. Hakuna anayefukuzwa kwa kuchelewa kulipa, na nimeona kwa macho yangu mtoto wa familia isiyojiweza akipokewa sawa na wenzake. Walimu wa magongo ninawashauri wawapeleke wachezaji wao wanaopiga kona, wenye umri wa miaka kumi na miwili na kuendelea. Chini ya hapo, kwa hali ya magongo yaliyopo sasa, ningesubiri. Vipindi ni Jumamosi na Jumapili baada ya swala ya Alasiri, na husimama wakati wa masika kwa kuwa uwanja hauna paa na plastiki iliyolowa mvua huteleza miguuni. Mwanafunzi aje na raba zenye soli isiyoteleza, suruali ndefu na chupa ya maji, na mzazi anayemleta kwa mara ya kwanza amtaje mwalimu uzito wa mtoto, ili atafutiwe gongo linalopinda.